Anatuletea Keki, Lakini Nilimwona Kwenye Kundi Lililotaka Kutuchoma

Neno langu kwanza, wasomaji wangu wa mji wa Aldersike. Barua ya kwanza kati ya hizi ilinifikia Jumanne, nami niliijibu siku hiyohiyo kwa mkono na kulipeleka jibu mwenyewe hotelini, kwa sababu gazeti hili linasomwa na mji mzima, na wenye viberiti nao ni watu wa mji huu. Sasa mambo yameshafika polisi, na wanawake wote wawili, aliyeandika na anayesemwa, wameniruhusu nizichapishe. Majina nimeyabadilisha. Najua mtakisia tu, maana hamna kazi nyingine. – Shangazi Beryl

*

Mpendwa Shangazi Beryl,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni, maana chumba chetu ni kimoja na mama mkwe wangu akinitazama usoni anajua kila kitu, na hili sitaki alijue. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Naitwa Golnaz, ni mwomba hifadhi kutoka Iran, nakaa kwenye ile hoteli ya barabara ya machimboni, serikali ilikotuweka waomba hifadhi, na mama mkwe wangu, Mahrokh, ambaye ni mtu mzima na magoti yake hayafai tena. Mwanawe, yaani mume wangu, yuko gerezani kwetu, na aliyemchongea ni jirani wa mlango wa pili aliyekuwa akituletea wali wa maziwa wenye zafarani kila Alhamisi, anakaa kwenye zulia letu, anacheka na sisi, kumbe anaangalia nani anaingia na nani anatoka. Nakwambia hili mwanzoni ili usije ukaniona mtu mwenye roho mbaya.

Yaliyotupata Agosti unayajua. Walikuja wale wasiotaka wageni, wana bendera, wakavunja madirisha, wakasukuma pipa la taka linalowaka hadi mlango wa mbele, na sisi tuko juu tumeziba chini ya mlango kwa taulo mbichi, moshi unapanda ngazi, nao huko nje wanaimba. Wanaimba, Shangazi. Kesho yake asubuhi wakaja watu wengine na mafagio, na mmoja wao alikuwa Doreen.

Doreen ni mjane, alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa mjini, sauti yake hufika kabla yake. Siku ile alifagia vioo bila kusema neno, halafu wiki iliyofuata akarudi na keki ya tangawizi, na tangu hapo hajakosa wiki hata moja. Yeye humwita kila mtu "mpenzi", hata polisi. Mama hajui Kiingereza na Doreen hajui Kifarsi, lakini hao wawili wakishika chai wanaongea mchana kutwa, huyu kwa yake na yule kwa yake, wanashikana magoti kuonyeshana panapouma, na nikitaka kutafsiri Mama ananiambia, "Wewe tulia, tunaelewana."

Sasa sikiliza. Kuna video ya siku ile, aliiweka mtandaoni mmoja wao kwa kujisifu, na mimi huwa naiangalia tena na tena, nazisoma sura moja moja, ili nikikutana nao dukani au kwa daktari niwajue kabla hawajanijua. Mwezi uliopita niliisimamisha mahali nisipowahi kuisimamisha, na pale, nyuma ya mwanamume mwenye bendera, nikamwona Doreen. Nywele zilikuwa bado hazijatiwa rangi lakini ni yeye, mdomo wazi, mkono juu. Halafu anainama, anaokota kitu chini, na kamera inageukia kwingine.

Tangu siku hiyo keki yake hainipiti kooni. Natafuna, natabasamu, nikitoka natema. Na kila analofanya nalipima upya. Wiki hizi amekuwa na maswali: chumba chenu ni cha ngapi kutoka ngazini? Yule mlinzi wa mchana anakwenda kula saa ngapi? Na ule mlango wa jikoni wa nyuma, unaotokea kwenye mapipa, komeo lake limetengenezwa? Huo mlango ameuuliza zaidi ya mara moja. Safari ya mwisho alikwenda kuutikisa mwenyewe, akasema, "Huu hata paka anaingia, mpenzi." Nani anatikisa milango ya watu? Na simu yake ikilia huilaza kifudifudi mezani.

Wale wa Agosti wametangaza kwamba Jumamosi hii wanarudi. Clive, yule dereva wa basi mstaafu anayeongoza kamati ya majirani, amewaita watu wa kanisa, wa msikiti, chama cha wafanyakazi na timu ya mpira ya wasichana, waje wasimame mbele ya hoteli wameshikana mikono. Ndani anayetupanga ni Muzamil, Msudani tuliyemchagua wenyewe, na mimi nimepangiwa jikoni. Doreen akapata habari. Jana akanivuta pembeni ya sinki.

"Jumamosi usitoke jikoni, mpenzi. Mimi nitakuwa upande wa nyuma. Nikigonga, nifungulie hapohapo. Na usimwambie Clive."

"Kwa nini asijue?"

"Kwa sababu ataniuliza nimejuaje, na mimi sina jibu la kumpa."

Amejua nini, Shangazi? Nikimwambia Muzamil, ambaye tangu Agosti analala na mtungi wa kuzimia moto kando ya kitanda, atamfukuza getini mbele ya watu wote, na kila mtu humu ndani ataanza kuuliza, je, yule anayetufundisha lugha? Yule anayeleta nepi? Jumamosi ikifika hakuna wa ndani atakayemwamini wa nje, na hapo wale watu watakuwa wameshinda bila hata kuwasha njiti. Nikinyamaza na moto ukapita jikoni, basi mimi ndiye niliyeuwasha.

Nilijaribu kumgusia Mama. "Mama, na kama Doreen si mtu mzuri?"

"Wewe sasa utashuku hata chumvi. Yule akikuona umekonda machozi yanamtoka."

"Hata jirani yetu alilia, Mama, walipomchukua mwanao."

Akageukia ukutani. Mpaka sasa hatusemeshani. Nimwambie nani? Nifungue ule mlango au nisifungue?

Golnaz

*

Golnaz mwanangu,

Toka bafuni kwanza, wenzako wanasubiri.

Huna roho mbaya. Aliyechongewa na mgeni wake wa kila Alhamisi ana haki ya kuutazama mara mbili mkono unaoleta keki, na yeyote atakayekwambia una wasiwasi wa bure mlete kwangu.

Lakini acha nikugombeze. Mwezi mzima! Mwezi mzima umemmiminia chai huyo mama, umemchunguza nywele, simu na mikono, na hujamwuliza swali hata moja. Unachojua ni kwamba alikuwepo, alifungua mdomo, aliokota kitu. Si jambo dogo, wala sitakudanganya kwamba labda alikuwa anamwita paka wake. Ila hujui alisema nini, hujui kile kitu alikifanya nini, na hujui kwa nini kesho yake alirudi na ufagio. Yeye anajua. Muulize.

Usimuulize mkiwa wawili. Leo hii mwambie Muzamil yote na umwonyeshe hiyo video. Atawaka, bora awake leo kuliko Jumamosi. Mwombe jambo moja tu, asimguse Doreen kabla hajajibu. Kesho mchana, jikoni, watu wakiwa wanapika, weka simu mezani uulize, "Huyu ni wewe?" Kisha ufunge mdomo wako, hata kimya kikiwa kirefu. Akikana, aondoke, na Clive aambiwe saa hiyohiyo. Akikubali, kuna swali zito zaidi: ya mlango wa nyuma ameyajulia wapi?

Lile la "usimwambie Clive" sikulipenda hata kidogo. Anakupa siri inayokutenga na wenzako siku ya hatari, halafu anataka uite huo urafiki? Hiyo siri ivunje. Huna deni naye hapo.

Na mlango. Hapa sikushauri, nakuamuru. Jumamosi ule mlango haufunguliwi. Si kwa Doreen, si kwa kasisi, si kwangu nikija na fimbo yangu nalia. Hata kesho akikujibu vizuri, hata mkikumbatiana mkalia pamoja. Ukifungua kwa makosa, watakaokufa ni watu wa ghorofa ya juu ambao hakuna aliyewauliza. Mwambie hivyo usoni, mapema, ili asije akategemea mlango ambao hautafunguka.

Halafu kamwombe radhi mama mkwe wako. Ulilosema ni kweli, lakini uliyemtaja ni mwanawe.

Beryl

*

Shangazi Beryl,

Nimefanya yote uliyoniambia, na sasa siwezi kula wala kulala.

Jumatano niliweka simu mezani. Doreen alivaa miwani, akatazama, akaivua. "Ndiyo. Ni mimi."

"Uliokota nini?"

"Tofali. Nusu tofali."

"Ukalirusha?"

"Hapana. Na sitakudanganya, mpenzi, kwamba niliona huruma. Bega langu bovu, halikunyanyuka."

Muzamil alisimama mpaka kiti kikaanguka. Nilimshika mkono wa shati. Doreen hakumtazama, aliendelea kunieleza mimi. Binti yake anaishi na watoto kwenye chumba chenye ukungu ukutani, miaka nenda rudi anasubiri nyumba ya bei nafuu ya halmashauri, na kwenye kundi lao la simu mtu akaandika kwamba sisi tumepewa hoteli yenye bwawa la kuogelea. Nikamtafsiria Mama. "Liko wapi hilo bwawa?" akauliza, akacheka, na hakuna mwingine aliyecheka.

"Nilipiga kelele kama wenzangu," Doreen akasema. "Pipa liliposhika moto watu wakashangilia, na nikaisikia sauti yangu nayo imo. Nilirudi nyumbani nikakaa na koti langu mwilini mpaka kukacha. Nikachukua ufagio. Nilitaka nione ni akina nani tuliotaka kuwachoma."

"Na mlango?"

Alikuwa hajatoka kwenye lile kundi la simu. Miezi yote hii anasoma wanayoandika, kimya. Walikuwa wamepanga kelele ziwe mbele, na wachache wazunguke nyuma na petroli.

"Kwa nini hukutuambia?" Muzamil aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Ningesemaje hilo bila kusema na lile lingine?"

Muzamil alichukua simu ya Doreen akasoma yote, akampigia Clive, Clive akawapigia polisi, Alhamisi komeo jipya likawekwa. Nikamwambia Doreen, hata wewe sitakufungulia. Akasema, "Ni haki yako." Clive akamwambia, "Jumamosi, mama, unasimama karibu na mimi, nikuone." Hakusema kwa upole.

Jumamosi walikuja watu wengi wa mji kuliko tulivyotegemea. Bendi ya tarumbeta ya wachimba makaa ya mawe wastaafu ilipiga mpaka matusi yakawa hayasikiki, na nilifurahi, Shangazi, nilifurahi kama mjinga, sikufikiri kwamba na sisi tulioko nyuma hatutasikika. Polisi waliowekwa kwenye mapipa waliitwa mbele chupa zilipoanza kuruka. Doreen aliuona ujumbe kwenye simu yake, akamvuta Clive, Clive hakusikia kwa tarumbeta, basi Doreen akakimbia kuzunguka nyuma peke yake.

Kule jikoni, mimi na Mama tukasikia mlango unagongwa. "Golnaz! Ni mimi, Doreen! Nifungulie, mpenzi, wanakuja!"

Mama aliinuka kama hana magoti, akashika komeo. Nikamshika mikono. Mama mkwe wangu, nilimkamata viganja kama mtu anavyokamata mwizi.

"Fungua, watamuua!"

"Sifungui."

"Wewe una moyo gani?"

Nilikuwa namwaza yule jirani wa zafarani. Nilijiambia, ndivyo wanavyofanya, sauti unayoijua inatangulia, wengine wako nyuma yake. Halafu nikasikia viatu, wanaume wanacheka, mmoja anasema, "Kumbe mama wa viazi! Umeshahamia kwao?" Na hapo sauti ya Doreen ikabadilika.

"Golnaz, usifungue! Unanisikia? Usifungue!"

Nilisikia kishindo kama gunia limeangushwa. Wakaanza kupiga mlango mateke. Komeo likashika. Mama alipiga yowe ambalo Muzamil alilisikia kutoka juu, akatoka mbio kwa mlango wa mbele, akapenya katikati ya watu, akarudi na Clive na kundi zima, na wale wakaruka ukuta wakaacha dumu lao la petroli. Doreen tulimkuta amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye mlango, damu inamwingia jichoni. Mkono umevunjika. Hakuwa amesogea pale.

Tangu hapo yuko kwake, na wiki hii hakuja. Muzamil amesema hata lile "usifungue" linaweza kuwa mchezo, halafu akalisema tena polepole, kama mtu asiyeamini maneno yake mwenyewe. Mama ananipikia lakini haniangalii. Na kuna jambo baya zaidi. Niliposikia kile kishindo, kabla hata sijaogopa, kitu ndani yangu kilisema, sasa nimeamini. Mimi ni mtu wa namna gani, ninayesubiri mpaka mwenzangu avunjwe mfupa ndipo nimwamini? Niende kwake? Nikaseme nini?

Golnaz

*

Golnaz,

Ulifanya sawasawa. Niliyekuamuru ni mimi, kwa hiyo kama una lawama ya huo mlango, nigawie, nina mabega mapana. Iliyobaki yote ni ya waliompiga.

Nimekwenda kumwona. Nilimwuliza kama amekukasirikia, akanijibu, "Angefungua ningemzaba kofi mwenyewe. Walikuwa zaidi ya kumi." Hakuja kwa sababu mkono umefungwa, na kwa sababu anadhani hamumtaki. Mmoja anaogopa kwenda, mwingine anaogopa kuja. Mtaniua nyinyi.

Kuhusu lile jambo lako baya: halikuanza kwako. Liliingizwa na mtu aliyekula kwenye zulia lenu. Hutaliondoa wiki hii, wala sikutaki ujilazimishe kumwamini Doreen mzimamzima. Mkono uliovunjika haufuti nusu tofali, na yeye mwenyewe hajadai hivyo. Deni lake la Agosti mwachie alibebe. Muzamil naye mwache achukue muda wake. Hiyo ni haki ya mtu aliyelala na mtungi wa moto.

Ila kusimama pamoja hakusubiri mpaka mioyo yote isafishike. Kwa hiyo fanya hivi. Leo mchana nenda kwake na mama mkwe wako. Usiombe radhi kwa ajili ya mlango, utamkera. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi: hawezi kumenya kiazi, hawezi kuosha nywele, na jikoni kwake ni aibu tupu. Hao wazee wawili waache waongee wanavyojua wenyewe, wewe kunja mikono ya blauzi. Na njiani, Golnaz, mwombe mama yako akutazame.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo zito. Wale waliomzunguka walikuwa wamefunika nyuso, lakini Doreen aliwapakulia chakula tangu wako darasa la kwanza, na wanne amewatambua kwa sauti. Mmoja ni mtoto wa dada yake. Polisi wanamngoja Alhamisi asubuhi aandikishe maelezo, pamoja na ya kwake mwenyewe ya Agosti, kwa maana hatawataja wao akajificha yeye. Anaogopa kwenda peke yake, na binti yake amekataa kumsindikiza. Clive atawapitia na gari. Ukae kiti kilicho karibu naye, na usiinuke mpaka ataje jina la mwisho.

Beryl